Mstari Ulionyooka Mno

Usiku ule niliota, jambo ambalo kwa miaka mingi nimelikana hadharani. Niliwahi kuandika makala nzima kuwacheka wanaoongozwa na ndoto, kwa hiyo naomba msomaji anicheke taratibu.

Marehemu mwalimu wangu wa jiografia chuoni alikuwa amesimama jikoni kwangu, buti zake za mpira zikichuruzika maji. Tangu afariki, mimi ndiye ninayefuatilia kwenye kompyuta kipimo cha kina cha maji alichokisimika mlimani, katika ziwa lililo chini kidogo ya barafu ya kileleni. Ziwa hilo limezuiwa na ukuta wa mawe na matope, na maji yake yana njia moja tu ya kutokea: mto unaopita nyuma ya nyumba ya mdogo wangu, Kendi.

"Profesa," aliniita, kwa kejeli yake ileile, "ziwa linaendeleaje?"

"Shwari, Mwalimu. Wiki nzima mstari haujapanda wala kushuka."

Hakucheka. Alifungua mlango wa friji, na mara tuko mlimani. Hakuna upepo. Bonge la barafu, kubwa kuliko nyumba, limeangukia pale mto unapoanzia. Ndani yake naiona fimbo ya kipimo, imeganda. Nyuma yake maji yanapanda bila sauti. Watoto wa Kendi wamelala juu ya maji hayo, wamejifunika blanketi lao la bluu, na wanapanda nayo polepole.

"Maji gani hukaa wiki nzima bila kutikisika?" ananiuliza.

Nainamisha uso kwa aibu. Buti zake hazina miguu ndani.

Niliamka shuka likiwa limelowa. Jasho, nilijiambia. Nikampigia Kendi.

"Dada? Saa hii? Nani amekufa?"

"Hakuna. Bado. Toka nje, uniambie unasikia nini."

Miaka yote tukiongea huwa namwomba arudie maneno, kwa jinsi mto unavyonguruma nyuma yake. Sasa nilisikia akivuta komeo, kisha kandambili zake kwenye changarawe, kisha pumzi zake.

"Sisikii kitu," alisema. "Na mvua yote hii! Ndiyo maana leo tumelala vizuri."

"Kendi, amsha watoto. Wapeleke juu, kanisani. Gonga na kwa majirani."

Hakuuliza kwa nini. Alianza kuwaita watoto kwa majina, na kila jina nililisikia wazi, kama aliyekuwa akiita chumbani kwangu.