Pedi Yako, Jibu Letu

Kabla sijapata watoto nilikuwa na banda la gemu pale Tunduma, mtaa wa nyuma ya foleni ya malori. Tivii moja ya chogo, mashine moja, pedi mbili za kuchezea, benchi moja refu. Wengi walikuja kucheza mpira, na mpira ulinichosha mpaka nikawa nausikia ndotoni. Nilichopenda mimi ni gemu za hadithi, zile zinazokusimamisha katikati na kukuuliza: sasa ufanye nini? Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza ninacho, maana nilisomea ng'ambo, kwa shangazi yangu upande wa Zambia. Basi kazi ya kusoma na kutafsiri ikawa yangu. Nasimama pembeni ya tivii, mikono kiunoni, natangaza.

Sheria ya banda niliiweka mwenyewe baada ya watu kukunjana mashati. Mwenye pedi anakimbia, anapigana, anaendesha gari. Lakini swali la hadithi likija, linajibiwa na benchi. Watu wananyoosha mikono, wengi wape. Pedi yako, jibu letu. Asiyetaka akacheze kwao!

Mwenye pedi mara nyingi alikuwa utingo mmoja wa Mlowo, mtu mzima mwenye watoto wake, ambaye lori lao likikwama kwenye foleni alihamia kwangu. Aliniita dada ingawa alinizidi umri. Mwingine asiyekosa ni fundi simu wa kibanda cha jirani. Huyo alikuwa mbishi, jamani, angeweza kubishana na redio.

Kulikuwa na gemu moja ya vita. Mji umeungua, askari wetu amekamata mateka, mateka amepiga magoti. Nikasoma: umpige risasi au umwachie? Benchi zima likapiga kelele, piga! Utingo akabonyeza. Yule mateka aliinua uso kwanza, akatutazama, ndipo akaanguka. Utingo akaniambia, "Dada, naomba turudie pale."

Tukarudia. Safari hii alilibembeleza benchi mpaka mikono ikatosha, tukamwachia. Mateka akashukuru, akaenda zake, banda likapiga makofi utadhani tumetoa mtu jela. Sehemu iliyofuata tukamkuta mtaroni amekufa. Nani kamuua, hatukuambiwa.

Fundi simu alicheka mpaka akashika mbavu. "Hadithi yote imo kwenye CD tangu kiwandani. Huyo lazima afe, ili wenzake waje kulipiza kisasi. Asipokufa, hadithi inaendaje mbele? Wanawauliza ili mjione mabosi."

Nikamwakia. Nilimwambia kama ni hivyo basi wasituulize kabisa, watuonyeshe tu kama sinema, wasituchezee akili. Utingo hakupandisha sauti. Alisema, "Mara ya kwanza nilimuua mimi. Mara ya pili sikumuua mimi. Hizo haziwezi kuwa sawa, fundi."

"Kwa marehemu ni sawa," fundi akajibu.

Jibu lile liliniingia vibaya. Kwa siku kadhaa nikawa naogopa hata kusoma maswali, najisikia kama ninayewadanganya watu waliolipa.

Halafu ikaja ile alasiri. Tumekaa, gemu inaendelea, tukasikia huko nje: "Mwizi! Mwizi huyo!" Ukiishi Tunduma miaka ile, kelele hiyo ilikukata maini hata kama hujaiba sindano. Nilishawahi kupita mahali asubuhi nikakuta tairi iliyoungua na kilichobaki chini yake. Sitaki kukieleza.

Mtu akaingia kwetu mbio, shati limebaki mkono mmoja. Akapita juu ya miguu ya watu, akajibanza nyuma ya tivii na kunishika kifundo cha mguu. "Dada, usinitoe. Sijaiba, naapa." Nikafunga mlango kwa komeo. Kama nilifunga kwa huruma au kwa woga, sijui.

Benchi zima likanitazama mimi. Walikuwa wanasubiri nisome! Nikasema, maana hakukuwa na mwingine wa kusema: "Tukimtoa watamuua. Tukimficha watatuchoma naye." Hakuna aliyenyoosha mkono. Mawe yakaanza kugonga bati. "Fungueni! Tunajua yumo!" Kwenye gemu ungekaa hata saa nzima na swali lako, likakusubiri. Mlango wangu ulikuwa wa mbao za maboksi.

Utingo akaweka pedi chini. Akatoka kwa mlango wa uani, akazunguka, na mara nikasikia sauti yake huko mbele, kali kama ya mtu aliyeibiwa yeye: "Mnagonga nini hapo? Katokea uani! Kakimbilia relini, wahini!"

Miguu ikaondoka kwa kishindo, mtaa ukabaki na mbwa tu. Utingo aliporudi watu walimrukia, wakamkumbatia. Hata fundi simu akampa mkono. "Hilo jibu halikuwepo," alisema. Nilicheka kwa nguvu.

Hatukucheka sana. Kundi linalotafuta mtu kelele zake zimetawanyika, huyu hivi, yule vile. Likishampata, kelele zinakuwa moja. Ndiyo tuliyoisikia, kutoka relini.

Yule mtu akainua kichwa nyuma ya tivii. "Wamempata nani?"

Utingo akatoka mbio, kandambili moja akaiacha hapo hapo. Nikafunga komeo tena. Tulikaa tumeelekea mlango, hakuna anayemtazama mwenzake, na ile kelele ikawa inapanda, inashuka, inapanda. Nilipogeuka, nyuma ya tivii hapakuwa na mtu. Alikuwa ametokea uani, bila kuaga.

Utingo alirudi taratibu, akaketi kizingitini. Nikamuuliza alikuwa nani. Akasema ni mwanamume aliyekuja kununua mahindi, hakuna anayemfahamu. Aliona watu wanamjia mbio, naye akakimbia.

"Niliwaambia siyo huyu," alisema. "Niliwashika mikono, dada. Nililia. Mmoja akanigeukia na jiwe lake, akaniuliza: kama siyo huyu, yuko wapi?"

"Ukamjibu nini?"

"Ningemwambia yuko kwako?"

Sikuweza kumwambia kwamba yule mtu alikuwa ameshaondoka.

"Nilinyamaza," akasema. "Wakaendelea."