Mgeni wa Bahari Alipokuja Mferejini Bugolobi

Umewahi kununua takataka? Mimi nimewahi. Magunia mawili, pesa taslimu, na bado nikabembeleza yajazwe vizuri.

Ngoja nikueleze kabla hujanicheka.

Naitwa Makokha, mtu wa Bungoma, lakini Kampala nimeizoea. Nilikuja kufanya kazi kwenye kiwanda kimoja Bugolobi. Kilipofungwa nikabaki nyumbani, namtazama mke wangu Nanyama akipika, naye ananitazama nikila.

Siku moja akachoka.

"Baba Khaemba, mvua za Machi zikikukuta huna kazi, tunarudi Bungoma. Utauza chumvi kwenye duka la baba yangu."

Mimi? Niagizwe chumvi na baba mkwe? Heri nife.

Ndipo nikawakumbuka akina mama wa kambi ya polisi Nsambya. Walikuwa na kikundi chao, kila Jumamosi wanateremka kuzoa chupa na kavera, ile mifuko ya plastiki, kwenye mfereji unaopita Bugolobi kwenda ziwani. Bure kabisa! Kiongozi wao alikuwa Filda, mke wa sajini kutoka Gulu, sisi tukimwita Mama Oola.

Nikamwambia, "Mama, niwaandikie maombi ya ufadhili. Tukipata, nyinyi mnapata glavu na mabuti, mimi nakuwa dairekta."

"Kale," akakubali. "Wewe dairekta, sisi nafanya kazi."

Taabu ni kwamba shirika pekee lililokuwa likitoa ufadhili wakati ule lilikuwa la kulinda bahari. Bahari, jamani! Uganda hii, hata upande juu ya kanisa kuu la Lubaga, huioni.

Nikawaza, nikaandika. Chupa ikianguka Bugolobi inaingia ziwani, maji ya ziwa yanaingia Naili, na Naili inamwagika baharini kule Misri. Kwa hiyo samaki wa Misri anasongwa na kavera ya jirani yangu. Nilipomaliza, huyo samaki nilimhurumia mpaka machozi yakanilengalenga.

Wakajibu! Wangemtuma mgeni Jumanne, auone uchafu kwa macho yake, ndipo waamue.

Nikapeleka habari Nsambya: mgeni anakuja kuuona mfereji, jitayarisheni.

Jumanne asubuhi nilipofika, nusura nizimie.

Mfereji unang'aa! Wamezoa kila kitu, wamefyeka nyasi, wamefagia kingo. Mawe nayo wameyapanga wakayapaka chokaa kama ya kambini. Taka zote zilishaondoka na pikapu.

"Mama Oola, mmefanya nini?"

"Tulisafisha."

"Lakini mgeni anakuja kuona uchafu!"

Akaniangalia kana kwamba nimemtukana mamake. "Mgeni natoka mbali namna ile, halafu anakuta takataka? Kwenu Kenya ndio munafanya hivyo?"

Hata kwetu mgeni hafanyiwi hivyo.

Nikarukia boda mpaka kwa Abdu, yule anayenunua chupa kuukuu kwa kilo. Nikamwambia leo mimi ndiye mnunuzi. Akauliza za nini, nikajibu za mradi wa mazingira. Akapandisha bei papo hapo.

Niliporudi nikashuka upande wa mafunjo, mahali pa kujificha. Nikavua shati langu jeupe lisichafuke, nikakunja suruali, nikaanza kumwaga. Gunia la kwanza likaisha. La pili nikiwa katikati, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe baba! Huoni haya?"

Kiswahili safi cha Tanga. Kugeuka, ni mama wa Kizungu, kamera mkononi. Amekuja mapema. Wazungu bwana!

"Unaitwa nani?"

"Saverio," nikasema. Sijui jina lile lilitoka wapi, mimi sina hata rafiki anayeitwa hivyo.

"Na kwa nini unatupa taka majini, bwana Saverio?"

Hapo akili ikanichemka. Si alikuja kutafuta uchafu? Nikampa.

"Mama, mimi natupa hapa kila siku. Baba yangu alitupa hapa. Serikali imetushindwa, kanisa limetushindwa. Wanaotusumbua ni wale akina mama wa Nsambya peke yao."

Akarekodi yote huku akitikisa kichwa kwa huzuni. Mimi mwenyewe nilijisikia raha. Sijawahi kusema vizuri namna ile.

Akina mama nao wakawa wamefika. Mgeni akawageukia. "Na dairekta Makokha yuko wapi?"

Wah!

Nikamkodolea macho Mama Oola. Kifua wazi, gunia mkononi, ningeanzaje kusema ndiye mimi?

Mama Oola akavuta pumzi. "Makokha alirudi kwao Kenya. Sasa dairekta ni mimi."

Mgeni akamkumbatia.

Ufadhili ulikuja wote, tena wa miaka mitatu. Mama Oola akapata ofisi, muhuri na kiti cha kuzunguka. Nikamfuata humo.

"Mama, mambo yametulia. Nirudishie cheo changu."

Akacheka mpaka akashika meza. "Makokha, mama Mzungu kila mara nauliza, Saverio alibadilika? Kazi yako iko, ssebo. Nayo ni kubadilika."

Basi ndiyo kazi ninayofanya mpaka leo. Mimi ni mtupa taka aliyeokoka. Wafadhili wakija navaa mabuti, nasimama mbele, natoa ushuhuda wa dhambi za Saverio, wanapiga makofi, wananipiga picha. Mshahara unaingia na Bungoma hatukurudi.

Ila juzi Nanyama aliulizwa na mama mmoja kanisani mumewe anaitwa nani. Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Akafikiri kidogo kwanza.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayesoma, ukimwita mtu aje aone shida yako, muonye kwanza mwenye ufagio. Na ukishikwa ghafla ukaulizwa jina, usitaje la kwanza linalokujia, maana unaweza kustaafu nalo.