Nafasi ya Athieno

Harufu ya muhogo uliochachishwa ukaanikwa juani, unaposagwa pamoja na mtama, ndiyo inayonirudisha utotoni, kwenye baraza yetu ya udongo hapa Paya. Walisaga watatu, kila mmoja na jiwe lake. Mama yangu, Nabwire, aliolewa kutoka kwa Wasamia wa Busia, akaja na sauti yao nyembamba. Jirani yetu Amoding, wa kabila la Wateso, alivuma chini kabisa, kama jiwe lenyewe. Katikati alikaa dada yangu Athieno. Yeye ndiye aliyetangulia kuimba, kwa Kidhopadhola, lugha ya baba, akiwataja kwa majina wanaume wavivu wa kijiji, hata baba yetu hakumsaza. Mimi kazi yangu ilikuwa kupepeta, na kuitikia tu.

Mvua za mwaka ule zilipokatika, Athieno alishikwa na homa, tukamzika nyuma ya nyumba. Matanga yalipokwisha, wale wawili walirudi kwenye mawe yao, la katikati likiwa tupu. Wakasaga kimya. Halafu wakaitikia. Wakanyamaza tena, mawe yakisuguana, muda ule ule aliozoea kuimba Athieno, kisha wakaitikia. Nikaacha kupepeta.

"Mama Amoding, mnamwitikia nani?"

"Pepeta mtama wako," akasema Amoding bila kugeuka. "Na usimkatize dada yako."

Juzi boda boda ilimshusha hapa msichana mmoja, mwanafunzi kutoka Tororo mjini. Anarekodi kwa simu yake nyimbo za makabila, anazilinganisha: nani anatangulia, wangapi wanaitikia, sauti zinapanda wapi na kushuka wapi. Ameshapita Nagongera na Busia. Nikamwimbia ule wa kusagia.

"Nyanya, huu ni wa kabila gani? Na sauti ni moja tu, siyo?"

Mama alishakwenda, Amoding naye. Siku hizi tunapeleka muhogo kwenye mashine, na mashine haiitikiwi na mtu. Kwenye jiwe la Athieno kuku wanakunywa maji. Aliyebaki kuwajua ni mimi. Huyu mtoto akiondoka na hiyo sauti moja yake, basi wale hawakuwahi kuimba.

"Washa tena," nikamwambia.

Nikaitikia, kisha nikanyamaza muda ule ule wa Athieno. Akadhani nimechoka, akanyoosha kidole azime simu. Nikamshika mkono.

"Ngoja, mjukuu wangu. Hajamaliza."