Hapana ya Kwanza ya Arvid Tollefsrud

Kwa miaka thelathini na minne, kila mwezi wa Mei, Arvid Tollefsrud aliketi kwenye kigoda kando ya ubao wa kurukia na kuamua nani ameruka sawasawa na nani amekanyaga mstari. Kazi yenyewe haina maneno mengi. Mwanariadha anakuja mbio, anakanyaga ubao, anaruka, anaangukia mchangani. Arvid anainama kuutazama ukanda wa udongo laini uliobandikwa mbele ya ubao. Kama ncha ya kiatu haikuacha alama, anainua bendera nyeupe. Ikiacha, nyekundu, na hapo hata kocha apige magoti mruko hauhesabiwi.

Ligi ya Vyuo vya Bonde la Juu ina vyuo vinane, vyote vya binafsi, vyote vidogo, vimetawanyika kusini mwa Minnesota na kuvuka mpaka hadi Iowa. Vitatu ni vya Walutheri, viwili vya Wakatoliki, kimoja cha Wamethodisti, na viwili vimeshasahau ni kanisa gani lililovianzisha. Hakuna mwanariadha anayelipwa, na watazamaji wengi ni wazazi. Arvid hakusoma katika chuo hata kimoja kati ya hivyo. Aliendesha lori la maziwa maisha yake yote, kutoka banda hadi banda, alfajiri kwa alfajiri, mpaka akastaafu. Lakini popote mashindano ya ligi yalipofanyika, yeye alikwenda na bendera zake mbili, na wanariadha waliokuja na kuondoka kwa miaka yote hiyo walimjua kama mtu asiyependelea. Mwaka mmoja alimwinulia nyekundu mtoto wa dada yake mwenyewe. Dada mtu alinuna mpaka Krismasi.

Sasa, ili uelewe yaliyompata, lazima ujue kukataa kwa kwetu. Hapa mjini kwetu Nordby, mtu akikupa kitu, unakataa. Akikupa tena unakataa tena, ila kwa sauti ndogo zaidi. Mara ya tatu unasema, "Haya basi, kama kitatupwa tu." Anayepokea mara ya kwanza ni mlafi, na anayetoa mara moja tu hakuwa na nia ya kutoa. Tumezaliwa tukakuta hivyo. Katibu wa zamani wa ligi, Harlan Quist, alikuwa mtu wa huku huku. Kila Februari alimpigia Arvid simu, wakazungumzia theluji, akamwomba, akakataliwa, wakarudi kwenye theluji, akamwomba tena, na mara ya tatu mambo yakaisha. Robo saa nzima, na wote wawili waliifurahia.

Harlan alistaafu. Akaja Teresa Petrocelli kutoka New Jersey, mwanamke mchapakazi, mwenye sauti iliyonyooka. Kwao, tunaambiwa, mtu akisema hapana ni hapana, na akisema ndiyo umeshachelewa kumpa.

Alipiga simu Jumanne moja ya Februari, asubuhi.

"Bwana Tollefsrud? Teresa hapa, wa ligi. Nataka kujua kama mwaka huu utatusimamia tena mruko mrefu."

"Aa, mimi," alisema Arvid, akijiweka vizuri kwenye kiti maana alijua safari ni ndefu. "Mimi nimeshazeeka sasa. Tafuteni kijana mwenye macho."

"Una uhakika?"

Hilo halikuhesabika kama ombi la pili. Lilikuwa swali tu. "Sitaki kuwazibia watu njia," alisema.

"Nimekuelewa. Kwa kweli tutakukosa. Asante sana kwa miaka yote hiyo. Kila la heri."

Simu ikakatika. Arvid alibaki nayo sikioni. Mkewe, Marlys, aliyekuwa akimenya viazi, aligeuka.

"Amesemaje?"

"Amesema amenielewa."

"Amekuelewa vipi?"

"Amenielewa tu. Kisha akanitakia heri."

Marlys aliweka kisu chini. "Hakurudia?"

"Hakurudia."

"Basi atapiga tena kesho," alisema Marlys, ingawa wote wawili hawakuamini.

Hakupiga kesho, wala keshokutwa. Mwezi wa Machi ilikuja barua ya shukrani pamoja na kibao cha mbao kilichoandikwa jina lake, bila kosa hata la herufi moja, jambo ambalo ni nadra kwa jina kama lile. Arvid alikisoma mara moja, akakiweka nyuma ya friza. Aliumia. Alikuwa mtu wa kusema "si mbaya" hata siku aliyovunjika mguu, na sasa watu walipomuuliza habari alisema "si mbaya" vilevile, lakini usiku mmoja wakati wa chakula Marlys alimwona ameacha nusu ya viazi, akajua.

Mgahawani, Duane Brandvold, kinyozi mstaafu aliyekunywa naye kahawa kila asubuhi, hakumhurumia.

"Kosa ni lako," alisema Duane. "Umekataa kwa sauti kubwa, mtu akasikia."

"Nilikataa kwa adabu."

"Kwa adabu, kwa mtu wa New Jersey! Ungemkatalia ng'ombe kwa adabu angekuelewa zaidi. Mpigie simu umwambie unataka."

"Nimwambie hivihivi? Nataka?"

"Ndiyo."

"Ataniona najipendekeza."

"Kwani hujipendekezi?" Duane alimsogezea sahani ya keki, kipande kimoja kimebaki. Arvid akasema hapana. Duane akasema chukua. Arvid akasema hapana. Duane, kwa ukatili wa rafiki wa miaka arobaini, akakila mwenyewe.

Marlys naye alimwambia kila Jumapili, wakirudi kanisani, kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mara mbili Arvid alishika simu, mara mbili akairudisha. Miaka sabini na sita hakuwahi kumwambia mtu nataka. Hakujua neno linaanzia wapi mdomoni.

Mashindano ya mwaka ule yalifanyika Nordby kwenyewe. Arvid hakuweza kukaa nyumbani akisikia kipaza sauti kutoka ng'ambo ya barabara. Alikwenda na Marlys, wakakunjua viti nyuma ya uzio, hatua ishirini kutoka kwenye shimo la mchanga. Upepo ulikuwa baridi, wakajifunika blanketi magotini.

Kwenye kigoda alikaa Craig Wendt, mwalimu wa hesabu wa sekondari ya pale mjini. Tusifichane: Arvid alimwombea kosa. Alikaa akitazama kila mruko, na kila mguu ulipogonga ubao mkono wake chini ya blanketi uliamua kwanza. Nyeupe. Nyeupe. Nyekundu. Kisha akamtazama Craig. Miruko kumi na tisa, na mara zote kumi na tisa bendera ya Craig ilikubaliana na mkono wa Arvid. Hata ule wa msichana wa Wamethodisti, uliokwaruza udongo kwa upana wa ukucha, Craig aliuona.

"Anafanya vizuri," alisema Marlys taratibu.

"Anafanya vizuri sana," alisema Arvid. Kama mtu yule angekuwa mbovu, wangemrudia yeye bila kuombwa. Sasa hapakuwa na sababu yoyote ya yeye kurudi kule ila moja, nayo ni kwamba aliipenda kazi ile.

Teresa Petrocelli alikuwa akizunguka uwanjani na redio ya mkononi. Alipomwona alikuja moja kwa moja na kumpa mkono kwa furaha isiyo na unafiki.

"Nimefurahi umekuja. Kuna kahawa pale hemani. Nikuletee?"

"Aa, hapana, usijisumbue," alisema Arvid.

"Sawa," alisema Teresa, akageuka kwenda zake.

Arvid aliutazama mgongo wake ukienda. Hatua tatu, nne, tano.

"Naitaka," alisema.

Teresa alisimama. "Samahani?"

"Kahawa. Naitaka." Uso ulikuwa umemwiva mpaka masikioni, lakini mlango ulikuwa umeshafunguka. "Na ile kazi pia. Niliitaka tangu Februari. Nilisema hapana kwa sababu nilidhani utaniomba tena."

Teresa alirudi. Alimtazama kama anayesoma barua ya lugha ya kigeni. "Nikuombe tena mara ngapi?"

"Tatu kwa jumla."

Hakucheka. Aliinamisha kichwa. "Mungu wangu. Watu wangapi huku nimewafanyia hivi?"

"Wengi," alisema Marlys kutoka kitini.

"Arvid, sikiliza," alisema Teresa. "Bendera ni ya Craig. Nimeshampa neno langu, leo na mwakani, na anastahili. Siwezi kumnyang'anya."

"Na usimnyang'anye."

"Kilichobaki wazi ni reki tu. Anayesawazisha mchanga nimeambiwa anahitajika kwenye kurusha tufe, na sina mtu. Lakini hiyo siwezi kukuomba. Baada ya miaka thelathini na minne, siwezi."

"Huniombi wewe," alisema Arvid. "Nakuomba mimi."

Marlys alimgeukia mumewe. Alikuwa ameishi naye miaka hamsini na mmoja, na hakuwahi kumsikia akiomba hata chumvi. Alinyoosha mkono amwondolee blanketi magotini ili aweze kuinuka, lakini alikuwa ameshainuka.