Mashine ya Kusaga Yenye Usukani

Enzi zile za kukosa kila kitu, nilikuwa nimeegemea kaunta ya duka la spea hapa Musoma alipoingia dereva mmoja kutoka Bunda. Habu ya gurudumu la pikapu yake ilikuwa imekufa, fundi akamfungia ya tela la trekta. Kilichobaki ni beringi. Akafungua kitambaa, akaiweka ile mbovu juu ya kaunta taratibu kama yai.

"Za gari hatupataga, ndugu," muuzaji alisema bila kuigusa. "Za mashine za kusaga zipo, saizi hiyohiyo, lakini ni za mgawo wa vijiji tu."

Dereva akakohoa. "Basi hii ni ya mashine ya kusaga. Ya kijiji, kule Butiama."

Muuzaji akanyoosha shingo dirishani, akaitazama pikapu iliyoinamia upande mmoja.

"Ndiyo ile?"

"Ndiyo yenyewe, ndugu."

"Inasaga vizuri?"

"Ikipata beringi, itasaga."

Muuzaji akamtolea mbili, kisha akanong'ona, "Mashine yangu mimi nimeipaki nyuma ya duka."

Kwa beringi zilizotoka pale, mkoa mzima wa Mara tulikuwa na mashine za kusaga nyingi kuliko nyumba. Unga tu ndio hatukuuona.