Dada wa Benchini

Muuguzi mkuu alipoambiwa analetewa mwanafunzi wa uzamili wa anthropolojia, alitegemea mtu wa maswali mengi. Kumbe huyu dada haulizi. Anajibana benchini na wagonjwa, anampakata mtoto wa mtu, anamfuta kamasi, na mwenye kusema akisema, yeye huitikia "enhe" ya chini chini, kisha hunyamaza mpaka maneno yaje yenyewe. Siku muuguzi mkuu alipotaka kujua kwa nini wagonjwa wa kifua kikuu wanaacha dawa, yule dada alimwambia tu: "Vua koti, mama, uje tukae."

Akakaa. Mgawa dawa akapaza sauti dirishani: "Wa kifua kikuu, njooni huku." Benchi zima likageuka. Baba mmoja aliyekwisha kunyanyuka akainama, akajifanya anafunga kamba za kiatu, kisha akaelekea zake getini mikono mitupu. Muuguzi mkuu akahisi uso unamwiva. Utaratibu wa kuita hivyo aliuweka yeye mwenyewe, foleni isichanganyike. Akamgeukia mwanafunzi, akafungua mdomo aseme.

"Enhe," yule dada akasema taratibu, akamngoja.