Milango Iliyotazama Barabara

Siku ninayoikumbuka mimi, mwanangu, ilikuwa ya watu wenye elimu zao kucheka jambo lisilochekesha. Nitakufikisha hapo. Ila kwanza nikwambie kilichoniwasha, maana hasira niliyonayo ni ya juzi juzi, na mimi sikujaliwa kifua cha kuweka mambo.

Mjukuu wangu Baraka anasomea uhandisi. Alikuja kunisalimia hapa Buzebazeba wakati wa likizo, nikamuuliza habari za chuo. Akaniambia wamewekewa kipindi cha kuzuia ukatili wa kijinsia, na kwamba wavulana wengi wanasaini mahudhurio kisha wanatokea mlango wa nyuma. "Bibi, sisi tunasomea zege na nondo," akasema. "Mambo hayo ni ya watu wa ustawi wa jamii." Nilikuwa namenya mihogo. Nikaweka kisu chini, kwa usalama wake.

Sasa keti nawe unisikilize, wewe unayesoma haya na kikokotoo mfukoni. Nami nilikuwa mhandisi kabla mama yako hajazaliwa.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Miaka hiyo Burundi ilikuwa inaungua, watu wakivuka mpaka kila uchao, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi ziwani, wakishuka na watoto na sufuria tu. Chuo kilinipangia mafunzo kwa vitendo kwenye mradi wa maji na vyoo, katika kambi mojawapo ya mkoa wetu. Mimi ni mtoto wa Katubuka, na mama yangu alikuwa akiuza vitenge soko la Mwanga, kwa hiyo nilijiona narudi nyumbani na kofia ngumu kichwani. Mama aliwaambia wateja wake wote, hata wasiouliza.

Tulikuwa wanafunzi wawili, mimi na Festo. Festo alikuwa bingwa wa hesabu na bingwa wa mizaha, na kwa bahati mbaya watu walimsifia vyote viwili. Mhandisi wetu mkuu alikuwa Mzee Bihemo, Muha mwenzangu wa kule milimani, mwenye mvi na sauti ndogo. Majuma yale ya mwanzo hakuwapo, alikuwa mjini akifuatilia mabomba. Aliyebaki kutuongoza ni msimamizi wa mradi, mtu wa haraka haraka. Na alikuwapo Spesiyoza, mkimbizi kijana, aliyekuwa akitutafsiria Kirundi. Mume wake alipotea njiani wakati wa kukimbia. Yeye na mwanawe mdogo waliishi na wakwe zake.

Vyoo vya mtaa ule tulivikuta vimeshajengwa. Safu moja ndefu, wanaume huku na wanawake kule, kando kabisa ya barabara ya kambi, ili lori la kunyonya majitaka lipite bila taabu. Kuta zilikuwa za turubai. Milango ilikuwa ya turubai lililopigiliwa kwenye fremu za miti, na kamba ya kuifungia ilikuwa nje, ili upepo usiichane. Yote ilitazama barabarani. Na ng'ambo ya barabara palikuwa na gogo, ambapo wazee wa mtaa walikaa kutwa nzima wakizungumza, kwa sababu mkimbizi hana shamba la kwenda.

Kwenye karatasi, mwanangu, ramani ile ilipendeza. Ilisahau kitu kimoja ambacho mtoto yeyote wa Kiha angekwambia. Kwetu, na kwa Warundi ndivyo hivyo hivyo, mke wa mtu hathubutu kuonekana na baba mkwe akienda haja. Jina lake tu hulitaji. Sasa baba mkwe yuko pale kwenye gogo, amekutazama, na wenzake wote ni baba wakwe wa jirani zako. Utaingiaje?

Hawakuingia. Wanawake wa mtaa ule walijibana mchana kutwa, wakaenda gizani, kabla ya mapambazuko. Waliniambia wao wenyewe bombani, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana na mimi ni mwanamke. Waliniambia pia kwamba kuna wanaume wameshaijua saa hiyo na wanajificha kule. Walisema huku wakitazama ndoo zao.

Nikalipeleka kikaoni. Nikaomba milango igeuzwe upande wa pili, iwe na komeo kwa ndani, na vyoo vya wanawake vitengwe na vya wanaume. Msimamizi akaniambia, "Binti, hayo ni mambo ya kina mama, tutayaangalia awamu ya pili." Festo akaninong'oneza, kwa sauti ya kutosha wote wasikie, kwamba nimekuwa diwani wa vyoo. Tangu siku hiyo jina langu likawa Diwani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wale walikuwa watu wa ujenzi, wangepaswa kuijua methali ile kuliko mimi.

Kisha ikaja asubuhi ambayo Spesiyoza hakuja kazini.

Nilimkuta kwenye kibanda chao, mama mkwe wake amemshika mikono. Alikuwa amevamiwa alfajiri ile, kule kule vyooni. Sitakusimulia zaidi ya hapo, na usinitake nikusimulie. Nilimuuliza kama alimtambua mtu huyo. Akasema neno moja, "Ndamuzi," yaani namjua. Alikuwa dereva wa lori letu. Letu, mwanangu, la mradi, lile ambalo barabara na vyoo vilipangwa ili lipite vizuri.

Halafu akaniambia kilichokuwa kinamtetemesha kuliko maumivu. "Dada, databukwe akisikia atanifukuza. Na mtoto ni wa ukoo wao. Nitamwacha." Huyo databukwe, yaani baba mkwe wake, alikuwa mzee mkali, mchache wa maneno, na wakati ule alikuwa ameketi kwenye gogo na wenzake bila kujua lolote. Nilimpeleka Spesiyoza zahanati pamoja na mama mkwe wake, kisha nikaenda kikaoni miguu ikiniwaka moto.

Nilieleza. Msimamizi akashika kichwa. Nilidhani anamhurumia Spesiyoza, kumbe anauhurumia mradi. Akasema kesi ikifika polisi kazi itasimama, dereva ana familia, bora tuzungumze na wakwe tulimalize nyumbani. Kisha akauliza, "Kwani yeye alifuata nini kule saa ile?"

Festo akadakia, "Labda tuweke saa za kufungua na kufunga, kama benki."

Wakacheka. Msimamizi, mafundi, karani, wote. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimezika mume, lakini kicheko kile bado nakisikia. Niliwaambia kwamba niliwaonya, nao wakaniita Diwani. Nilisema kwa ukali, na wakanitazama kama mtu aliyevunja sahani za wenyewe.

Hatukujua kwamba Mzee Bihemo alikuwa amerejea kutoka mjini. Alikuwa amesimama mlangoni pa hema, begi bado liko mkononi, na alikuwa amesikia yote. Festo akaruka kumpokea. "Shikamoo, Mzee."

Mzee hakuitikia, na kwa mtu wa mila kama yeye hilo lilikuwa kofi. Alisema tu, "Kijana, twende ukajisaidie."

Tukafuatana wote hadi barabarani. Ilikuwa saa nne, jua limekolea, wazee wako kwenye gogo lao. Mzee Bihemo akawaamkia kwa Kirundi, akawaomba radhi kwa usumbufu, kisha akamwelekeza Festo kwenye choo cha wanawake. "Ingia. Chuchumaa. Funga mlango."

Festo akaingia. Kamba ilikuwa nje. Akalivuta turubai kwa mkono, upepo ukalivuta upande wa pili, na kwa muda tuliona mkono wa bingwa wa hesabu ukipambana na mlango. Wazee kwenye gogo walimtazama. Hakuna aliyecheka.

"Kuna wanaokutazama?" Mzee akamuuliza.

"Wananitazama, Mzee."

"Wewe ni mwanamume, na hawa si wakwe zako. Ungekuwa mke wa mtu, ungekuja hapa saa ngapi?"

Festo akaishika ile kamba ya nje.

"Nimekuuliza."

"Gizani, Mzee."

"Haya. Rudi umjibu msimamizi, alikuwa anauliza."

Kisha akatugeukia sisi wengine. Akasema aliyefanya uovu ule ni dereva, na dhambi yake ni yake, haigawanywi. Wala mtu asithubutu kumtwika Spesiyoza hata punje yake. "Lakini sisi ndio tuliompangia mahali na saa," akasema. "Tulimtoa mwanamke mchana, tukampeleka gizani, tukamnyima komeo. Halafu tunamuuliza alifuata nini. Binti huyu alikuja akawaambia, mkampa jina la utani. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu."

Maneno yale aliyasema kwa Kiswahili, na wazee wa kwenye gogo, wengi wao, walikielewa. Nikamwona mmoja anasimama. Alikuwa baba mkwe wake Spesiyoza. Hapo ndipo alipojua, mbele za watu, kwa njia ambayo hakuna aliyeikusudia. Nikasema moyoni, basi, amekwisha mtoto wa watu.

Mzee yule alilitazama gogo, akaitazama ile milango, akarudia kulitazama gogo. Akawaambia wenzake, "Kumbe sisi tumekaa mlangoni." Akaokota fimbo yake, akavuka barabara hadi kwa Mzee Bihemo. "Ni mwanangu yule," akasema. "Simfukuzi. Nionyesheni polisi ni wapi."

Tulikwenda siku ile ile. Gari la Mzee Bihemo lilitubeba mimi, Spesiyoza, mama mkwe wake na yule baba mkwe, aliyekaa mbele ili asimtazame mkwewe usoni. Haya ilibaki palepale, mwanangu, ila safari hii ilikuwa inamlinda. Wakubwa wa dereva walikuja na maneno matamu ya kuyamaliza nyumbani, zaidi ya mara moja, na kila mara mzee yule aliwajibu kwamba mficha uchi hazai. Kesi ilichelewa hadi tukachoka, lakini dereva alifungwa. Mtoto wa Spesiyoza alikulia mikononi mwa mama yake.

Kuhusu vyoo, tulivibomoa. Tulijenga vya wanawake upande wa pili, karibu na nyumba zao, milango imeipa barabara mgongo, na taa juu. Mzee Bihemo alikataa kusaini kwamba kazi imekamilika hadi Spesiyoza aje. Alikuja na mwanawe mgongoni. Akaingia mlango mmoja mmoja, akafunga, sisi nje tukasikiliza komeo likiingia mahali pake. Mlango mmoja ulikwama. Festo, bila kuambiwa, alichukua patasi akaurekebisha. Hakuniita Diwani tena. Kama alielewa au aliona aibu tu, sijui, na wala sikumuuliza.

Sasa wewe, unayesaini mahudhurio na kutokea mlango wa nyuma. Unaniambia unasomea zege na nondo. Zege lako litakuwa ngazi za hosteli, na taa ya ngazi hizo utaiweka au hutaiweka. Utapanga stendi, utachimba kisima, utachora njia ya msichana ya kutoka kiwandani zamu ya jioni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, basi waulize wanaokilalia kabla hujachora, na ukiwauliza wanawake, wape mahali ambapo wanaweza kusema. Wakikwambia, amini. Usingoje damu iwe ushahidi.

Tena usidhani ubaya huu unaanzia kambini. Unaanzia bwenini kwenu, kwenye mzaha kuhusu msichana pekee wa darasa, kwenye mhadhiri anayemwita ofisini kuhusu maksi na ninyi mkajifanya hamjaona. Wanaume waliocheka siku ile hawakuwa wahalifu, mwanangu. Walikuwa watu wa kawaida, wenye vyeti, wanaopenda watoto wao. Ndiyo maana nawakasirikia hadi leo. Mwenzako akitoa mzaha wa namna ile, usicheke. Ni kazi ndogo kuliko zote nitakazokupa, nawe utaona ilivyo nzito. Na ubaya ukitendeka, usimuulize aliyetendewa alifuata nini. Mfikishe hospitali, mfikishe polisi, simama naye, hata kama mtendaji ndiye anayeendesha lori lenu.

Baraka, nilipomaliza kumsimulia, alimenya mihogo yote iliyobaki. Kisha akaniuliza kama kile kipindi bado angeruhusiwa kuingia. Nikamwambia aende, na akae kiti cha mbele.

Nawe nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe mkono wenye ustadi na sikio lenye adabu. Akujalie uzee wa kupita mbele ya ulichokijenga, ukutane na wanawake wanaokitumia, na usiinamishe uso. Na kila mlango utakaouweka duniani, komeo lake liwe kwa aliye ndani. Amina.